Mlituambia tulime, hamkutuambia nani atakula kwanza

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa na udongo kwenye kucha, kwa hiyo mnisamehe itifaki ikinipita pembeni. Sijui ni nani kati yenu anayehusika hasa: mwenye dhamana ya kilimo, ya chakula, ya afya, au yule wa fedha ambaye mezani kwake kila jambo hukwama. Nimewaandikia nyote. Mkianza kusukumiana karatasi hii, angalau wengi mtakuwa mmeisoma.

Mambo yalipoanza kuyumba, bidhaa zikawa leo zipo kesho hazipo, kazi zikakatika na watu wakaanza kuhesabu siku badala ya miezi, mlitoka hadharani mkatuambia tulime. Mwenye kiwanja alime kiwanja, asiye nacho atumie ndoo na magunia. Lilikuwa neno la maana, na hamkuwa wa kwanza kulisema. Uingereza ilipoingia vitani mwaka 1939, serikali iliwahimiza raia kung'oa hata nyasi za mbele ya nyumba wapande mboga. Marekani nayo, vita hivyo vikiendelea, ilikadiriwa kuwa na bustani za nyumbani zipatazo milioni 20, na makadirio ya wakati huo yalisema zilitoa karibu asilimia 40 ya mboga mbichi za nchi nzima. Kwa hiyo asije mtu akaniambia bustani ya uani ni mchezo wa watoto.

Nami nikalima. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iligawa pakiti za mbegu, na pamoja na mbegu kila kaya ikapewa chupa ndogo ya dawa ya wadudu. Nilipanga foleni kama wenzangu, nikapokea, nikashukuru. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimepanda kitu chochote zaidi ya ua kwenye kopo. Nyanya zikaota, kabichi zikatanua majani, maharage yakaanza kupanda miti. Kwa wiki tano nilijiona mkulima kuliko wakulima. Nilipiga picha za matuta yangu nikawatumia jamaa ambao hawakuniomba.

Wiki ya sita nikaamka nikakuta miche minne ya nyanya imelala chini, imekatwa usawa wa udongo kama kwa mkasi. Nikamshuku mtoto wa jirani. (Namwomba radhi hapa, mbele ya waheshimiwa.) Kumbe ni sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayejificha ardhini mchana na kutoka usiku, anakata shina, anatafuna kidogo tu, kisha anahamia shina la pili kana kwamba analipwa kwa idadi. Sijakaa sawa, ncha za maharage zikaanza kujikunja, machipukizi yote yamefunikwa na vidukari weusi waliobanana hadi hakuna pa kuweka sindano. Kabichi ikawa chekecheke. Inaelekea wadudu wa eneo zima walilisikia tangazo lenu la kulima, wakalielewa vizuri kuliko mimi.

Ndipo nikaitoa ile chupa.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu barua yote ni juu ya chupa hiyo. Haikuwa na lebo ya kiwandani. Ilikuwa imemiminwa kutoka chombo kikubwa, kisha ikabandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: dawa ya wadudu, vijiko viwili. Vijiko gani, vya chai au vya mezani? Kwenye maji kiasi gani? Nivae nini? Nikishapulizia, ningoje siku ngapi kabla ya kuchuma? Nchi nyingi zina utaratibu wa kuchapa utepe wa rangi kwenye lebo za viuatilifu, nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, bluu na kijani kadiri ukali unavyopungua, ili hata asiyejua kusoma ajue anashika nini. Yangu haikuwa na rangi yoyote. Hata jina la sumu iliyomo halikuwepo, maana yake ni kwamba mtu wangu angeinywa kwa bahati mbaya, daktari asingekuwa na la kuanzia.

Nilipulizia kila kitu kilichokuwa na jani. Vidukari wakakauka, nikalala usingizi wa mshindi. Baada ya siku kumi na mbili walikuwa wamerudi, na safari hii ni wengi kuliko mwanzo.

Wakati huo nilidhani dawa imeisha nguvu. Sasa najua kilichotokea, na kinaelezeka kirahisi. Kidukari jike, kwa sehemu kubwa ya msimu, hahitaji dume. Hazai mayai, anazaa watoto walio hai, na ndani ya tumbo la mtoto anayezaliwa tayari kuna vijusi vya wajukuu. Hali ya hewa ikimfaa, mtoto anakuwa mama baada ya wiki moja au siku chache zaidi. Adui zake hawana kasi hiyo. Mdudu kibibi, yule mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, anaanzia kwenye yai, anakuwa lava, yaani mtoto anayetambaa bila mabawa, kisha anajifunga kama bundo asiyetembea, ndipo anatoka mkubwa; safari hiyo inamchukua wiki kadhaa. Dawa yangu iliwaua wote siku moja, mla na mliwa. Waliobaki wakiwa wamejificha kwenye mikunjo ya majani walikuwa vidukari, na walipotoka hawakukuta askari hata mmoja.

Lililo baya zaidi ni kwamba baadhi ya askari nilikuwa nimewaua mapema kwa vidole vyangu. Lava wa mdudu kibibi hafanani hata kidogo na mama yake. Ni mrefu, mweusi, ana madoa ya rangi ya chungwa na miguu iliyochomoza, ukimtazama kwa karibu ni kama mamba mdogo. Niliwakuta juu ya maharage, nikaona hawa ndio wahalifu wenyewe, nikawaponda mmoja mmoja. Mmoja wao angekula mamia ya vidukari kabla ya kukua.

Aliyenistua ni mama mmoja mtu mzima, jirani yangu, amelima tangu ujana wake na hana subira na watu wa aina yangu. Alisimama kwenye uzio akanitazama nikiponda, akauliza, "Mwanangu, hao askari wamekukosea nini?" Kisha akaingia, akainama na kugeuza jani. Mdudu hasomwi juu ya jani, akasema, yuko chini yake.

Alikaa nami muda usiozidi nusu saa. Alinionyesha sisimizi wanaopanda shina la haragwe kwa msafara, akaniambia ukiona msafara huo usihangaike na sisimizi, tazama juu, kuna vidukari: sisimizi huwachunga kama mifugo kwa ajili ya utomvu mtamu wanaoutoa, na huwafukuza wadudu wanaokuja kuwala. Alinionyesha vidukari waliovimba, rangi ya kahawia, wamekauka kama punje, akanikataza kuwagusa, kwa sababu ndani ya kila mmoja kuna nyigu mdogo anayekaribia kutoka ambaye atakwenda kutaga ndani ya vidukari wengine. Kwa sota, alikata kipande cha boksi akakizungusha kwenye mche, nusu kikazama udongoni. Akaniambia usiku nitoke na tochi, niokote kwa mkono. Kwa vidukari waliobaki, maji yenye sabuni kidogo, lakini yawapate mwilini, si kunyunyiza hewani, kwa kuwa sabuni huua kwa kumgusa mdudu na ikishakauka haina kazi tena. Kwenye kabichi alifuta kwa kidole vishada vya mayai ambavyo mimi nilidhani ni vumbi.

Kisha akaondoka, ana matuta yake.

Waheshimiwa, nusu saa ile ndiyo niliyoihitaji siku ile nilipopanga foleni. Mlitupa mbegu, mkatupa sumu, mkasahau mtu. Nakuja kuomba mtu. Bwana shamba, bibi shamba, afisa ugani, mwiteni mtakavyo, ilimradi awe anakuja kwa miguu, anageuza jani pamoja nasi, na anarudi baada ya wiki mbili kuona kilichotokea. Huko tuliko wapo wachache, na waliopo wamekabidhiwa eneo ambalo hata ndege angechoka kulizunguka.

Ninajua kwa nini chupa inapendwa. Chupa inahesabika. Mwisho wa robo mwaka mnaandika zimegawiwa chupa kadhaa, kuna picha ya makabidhiano, kuna stakabadhi. Nusu saa ya mtu aliyeinama chini ya haragwe haina sherehe, na mkaguzi wa hesabu hataiona popote. Lakini ndiyo inayobaki. Mimi sasa nimewafundisha wenzangu watatu kumtambua lava wa kibibi, wala sikupewa posho.

Wala si nadharia za mtu aliyeumwa na vidukari viwili. Yupo nondo mdogo wa kabichi, mwenye alama kama almasi mgongoni, ambaye viwavi wake ndio walioifanya kabichi yangu chekecheke. Mwaka 1953, kwenye kisiwa cha Java, iliripotiwa kwamba viwavi hao hawafi tena kwa DDT, dawa ambayo miaka michache kabla ilikuwa ikisifiwa dunia nzima. Mdudu mwenye vizazi vingi kwa mwaka hujifunza sumu haraka kuliko kiwanda kinavyotengeneza nyingine. Kila unapopulizia, unawaua wanyonge na kuwaachia wakaidi wazaane.

Java hiyo hiyo ilikuja kutoa somo la pili. Serikali ya Indonesia ilikuwa ikibeba sehemu kubwa ya bei ya dawa za wadudu, na wakulima wa mpunga wakawa wanapulizia kwa ratiba, mdudu awepo asiwepo. Mdudu mmoja wa kahawia anayefyonza mashina ya mpunga, ambaye zamani hakuwa tishio kubwa, akageuka kuwa janga. Dawa ilikuwa imewamaliza buibui na wadudu waliokuwa wakimla, huku mayai yake mwenyewe yakiwa salama ndani ya mmea. Kadiri walivyopulizia ndivyo alivyozidi. Novemba 1986 Rais Suharto akatoa amri ya kuzuia aina 57 za dawa kwenye mpunga, na ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaondolewa kufikia mwaka 1989. Mavuno hayakuporomoka. Na mwaka huo huo wakaanza madarasa ya shambani: kikundi cha wakulima kinakutana mara moja kwa wiki msimu mzima, kinaingia kwenye mpunga, kinahesabu wadudu na kinahesabu buibui, kinachora kilichoonekana, kinabishana, ndipo kinaamua kupulizia au kuacha. Mtindo huo umesambaa nchi nyingi tangu wakati huo. Ni jirani yangu kwenye uzio, ila amepewa ratiba na mshahara.

Sisemi muamke kesho mpige marufuku kila kitu. Sri Lanka ilijaribu mwaka 2021: ilizuia kwa mkupuo kuingiza mbolea na viuatilifu vya viwandani, wakulima wakaachwa bila mbadala na bila muda wa kujifunza njia nyingine. Mpunga ukashuka, nchi ikanunua mchele nje, na kabla ya mwaka kwisha amri ikalegezwa. Mtu hanyang'anywi fimbo kabla hajafundishwa kutembea bila fimbo. Kuna siku ambayo dawa inahitajika, nami naweza kuinunua. Ninachokataa ni kupewa bure, bila jina, ikatangulia kabla ya maarifa.

Cuba ilinyang'anywa fimbo bila kutaka. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, mafuta, mbolea na viuatilifu kutoka huko vilikatika. Watu wakalima katikati ya miji, na nchi ikategemea vituo zaidi ya 200 vilivyokuwa vikizalisha wadudu rafiki na vimelea vya kuua wadudu waharibifu, mtandao ambao mkulima mmoja mmoja asingeujenga hata akiishi miaka mia. Hawakuwa matajiri, na njaa ya miaka hiyo hawajaisahau. Ila kulikuwa na mahali pa kwenda kuuliza na kuchukua kitu kilicho hai.

Hapo ndipo ninapotaka tugawane kazi. Sota ni wangu, vidukari ni wangu, konokono nitawaokota mwenyewe usiku hata mvua ikinyesha. Lakini kuna mambo ambayo matuta manne hayawezi. Viwavijeshi vamizi asili yao ni Amerika. Mwaka 2016 walionekana Afrika, 2018 wakawa India, mwanzoni mwa 2019 wakafika China, 2020 Australia. Nondo wake anaweza kuruka kilomita zipatazo 100 kwa usiku mmoja. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani ya nyanya, alitoka Amerika Kusini akaibukia Hispania mwaka 2006, na baada ya hapo akawa anasafiri na mizigo ya nyanya kama abiria mwenye tiketi. Mimi nitamwona akiwa tayari ndani ya jani. Ninyi mnaweza kumwona bandarini na mipakani, mkaweka mitego, mkatutangazia kwa redio na kwa ujumbe wa simu wiki mbili kabla: anakuja, dalili zake ni hizi, ukimwona piga namba hii. Tangazo la mvua mnalitoa. Mdudu naye ana msimu.

Mfano wa kazi isiyoweza kufanywa na uani ni vidung'ata wa mihogo. Walitoka Amerika Kusini wakaingia Afrika miaka ya 1970, mashamba yakaanza kukauka nchi baada ya nchi. Hakuna mkulima ambaye angewamaliza kwa sabuni. Watafiti walirudi walikotoka wadudu hao, mwaka 1981 wakampata Paraguay nyigu mdogo asiyeishi ila kwa kuwala, wakamchunguza kwanza asije akawa balaa jipya, wakamzalisha na kumwachia hewani. Mswisi Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakununua chupa. Wengi hata hawakujua kwamba wameokolewa na nyigu.

Nimesema wakamchunguza kwanza, na nalirudia kwa sababu viongozi nao hupenda vita vya haraka. Mwaka 1958 China iliwatangaza shomoro kuwa adui wa nafaka. Watu wakapiga masufuria mchana kutwa hadi ndege wakaanguka kwa uchovu. Wadudu ambao shomoro walikuwa wakiwala wakapata nafasi, na hilo likaongezeka juu ya makosa mengine ya miaka ile. Kufikia 1960 shomoro akafutwa kwenye orodha ya maadui, nafasi yake akapewa kunguni. Sikumbuki kusoma kama shomoro waliombwa radhi.

Mnaponyamaza, pengo halikai wazi. Simu yangu kila siku inaleta dawa ya asili iliyothibitishwa na binamu wa mtu. Nyingine nzuri: mbegu za mwarobaini zilizosagwa na kulowekwa zinasaidia kweli, ingawa hazifanyi kazi kwa usiku mmoja. Nyingine ni hatari zenye sura ya upole. Wanashauri kuchemsha tumbaku na kupulizia kwenye nyanya, eti ni kitu cha asili. Nikotini ni sumu ya asili, ndiyo, na inapita kwenye ngozi. Tena tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato vinavyoshambulia nyanya pia. Wanashauri chumvi kwa konokono. Konokono anakufa, na udongo unaanza kufa naye. Mtu mmoja anachanganya dawa tatu alizokuta ndani, kwa imani kwamba tatu zinazidi moja. Ofisi zenu zina watu wanaojua haya yote. Mbona hatuwasikii? Waingereza wa vita ile walikuwa wakichapa vipeperushi vifupi, kimoja kikizungumzia mboji, kingine wadudu wa bustani, kwa lugha ya mtu wa kawaida na michoro. Miaka zaidi ya themanini iliyopita, bila simu.

Lugha ya mtu wa kawaida ndiyo ninayoisisitiza. Baadaye nilipata kuona lebo ya kiwandani ya dawa nyingine. Ilikuwa na maelezo yote, kwa lugha ya mbali, kwa herufi za kuhitaji darubini. Muda wa kungoja kabla ya kuchuma ulikuwa umejificha kwenye mstari wa mwisho kabla ya anwani ya kiwanda. Na hata ukisomeka: wakati wa neema mtu akiambiwa angoje siku 14, atangoja. Wakati sufuria liko wazi na watoto wanauliza, mwenye njaa hana miiko. Atachuma siku ya tatu, ataosha mara mbili, atamwachia Mungu. Nilifanya hivyo. Ndiyo sababu sumu ya kugawa bure ni jambo moja wakati wa utulivu na jambo jingine kabisa wakati huu. Mnaowagawia ndio wasioweza kungoja.

Nina machache mengine, nayapitia haraka. Mbegu mlizotupa ziwe zimepimwa. Nusu ya pakiti yangu ya bilinganya haikuota, na miche kadhaa ikafa kwa kinyausi, ugonjwa wa kuozesha mche mchanga, kabla ya jani la tatu. Maji yakikatwa kwa zamu, tuambiwe zamu. Na mpangaji anayeweza kuhamishwa mwezi ujao hawezi kujenga mboji ya mwaka mzima. Atalima kwa dawa na mbolea ya kununua kwa sababu ndizo zinazolipa kabla hajafukuzwa. Hili la mwisho si la wizara ya kilimo, najua. Nimeshasema nimewaandikia nyote.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba wadudu na magonjwa ya mimea hula hadi asilimia 40 ya mazao ya dunia kila mwaka. Nilipoisoma namba hiyo nilitulia, nikaona basi mimi si mzembe peke yangu. Lakini pia nilifikiri: mnapotuambia tupande zaidi, mnaongeza sahani upande mmoja wa meza, na upande wa pili wageni wanaongezeka vilevile.

Maharage yangu yamepona, kama mnataka kujua. Msimu wa pili sikupulizia kitu. Nilipanda vitunguu katikati ya kabichi, nikaacha bizari iliyokomaa itoe maua kwa sababu nyigu wadogo huyapenda, na nikahamisha nyanya kwenye tuta lingine, zisikutane na magonjwa yaliyobaki ardhini. Nilipoteza takribani robo ya kabichi. Wiki mbili katikati nilikaribia kushindwa. Vidukari walikuwa wamejaa, kibibi hata mmoja haonekani, na mkono wangu ulikwenda kwenye kabati zaidi ya mara moja. Jirani aliniambia nivumilie siku nne. Ilichukua tisa. Kisha wale mamba weusi wakatokea, wadogo kuliko punje ya mchele, na nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikawatazama wakila hadi jua likawa kali. Hakuna kitabu ambacho kingenivumilisha siku zile tisa. Alikuwepo mtu wa kuniambia bado, bado.

Yule mama ana umri mkubwa sasa, magoti yanamsumbua, na nusu saa zake zinapungua. Kama mna mpango wa kuajiri, anzeni kwa kutuma vijana wenu wakae naye msimu mmoja. Hatadai semina. Atawasema, wazoee.

Imebaki ile chupa. Nusu yake bado ninayo, iko juu kabisa ya kabati, nimeifunga kwenye mifuko miwili na kuandika SUMU kwa wino mwekundu, kwa kuwa ninyi hamkuandika. Niliirudisha kwenye ofisi iliyonipa. Wakaniambia kwa upole kwamba wao hugawa, hawapokei. Siwezi kuimwaga kwenye mtaro, mtaro unaishia kwenye maji ya mtu. Siwezi kuizika, ndipo ninapopanda. Nikiichoma, moshi wake tutauvuta sisi na jirani. Na hapa nyumbani kuna mtoto ambaye wiki iliyopita amejifunza kusogeza kiti hadi kwenye kabati na kupanda.

Niipeleke wapi?

Wenu,
mkulima wa matuta manne